Kisanduku Kimoja cha Sababu

Nimechoka. Naliweka neno hili mbele ili mtu asije akanitafutia hekima ambayo sina. Uchovu wa kazi ukiulaza unakwisha. Wangu ni wa mtu aliyeulizwa swali moja na watu arobaini, na kila mmoja wao ana jibu lake mfukoni kabla hajauliza. "Dada yako alianzaje?" Kisha, kabla sijafungua mdomo: "Alisoma mno, yule." Au: "Mumewe alimtesa." Au kwa sauti ya chini, macho yakiangalia pembeni: "Kwenu hakuna jambo?" Nikijibu kwamba lipo jambo hili, na lile, na lile jingine, na kwamba yameshikana kama nywele za mtu aliyelala na maji kichwani, wananitazama kama kwamba nimewanyima kitu chao.

Dada yangu anaitwa Mosi. Mimi ni Pili. Tulizaliwa asubuhi moja, yeye akitangulia kwa muda wa birika kuchemka. Mkunga alisema tumetoka katika yai moja, na kweli tuna sura moja, sauti moja, hata jino la pembeni limepanda juu ya jirani yake upande uleule. Mosi alikuwa mwalimu wa hesabu. Mimi ni fundi cherehani. Tulipofika miaka thelathini na miwili, ukuta wa chumba chake ulianza kumsema. Mwanzoni ulimtaja jina tu. Baadaye ukaanza kumhesabia makosa, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayesoma mahudhurio ya darasa. Akaacha kula kwa kuwa chakula, alisema, kimeshaambiwa habari zake. Siku niliyomkuta amesimama katikati ya chumba, ameugeuzia uso ukuta, anajibu "nipo, nipo, nipo" kwa kila kosa, nilimfunga kanga, nikamshika mkono, nikampeleka Nyumba ya Sababu.

Katika mji wetu mgonjwa wa namna hiyo haanzii kwenye dawa. Anaanzia pale. Ni jengo refu lisilo na jina mlangoni kwa sababu hakuna asiyelijua. Ukipanda ngazi zake unajikuta umeshuka. Ukishuka unatokea ghorofa ya juu, na makarani wanakuambia kwa upole kwamba ndivyo ilivyojengwa. Kila chumba kina saa, na kila saa ina wakati wake. Hakuna anayeshangaa. Watu wanaingia wakiwa na fomu moja mkononi, na ndani ya fomu hiyo mna kisanduku kimoja, upana wa vidole viwili, kilichoandikwa SABABU.

Bila sababu, hakuna dawa. Hiyo ndiyo sheria. Na sababu yenyewe lazima iwe moja. Ukiandika Damu, mgonjwa anapewa kitanda na dawa maisha yake yote, lakini nduguze wote wa damu wanaingizwa katika Daftari Jekundu, na aliyeandikwa humo haolewi, hapewi kazi ya watu, na mtoto wake anaondolewa shuleni. Ukiandika Tabia, anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo mikono mitupu, maana amejitakia. Ukiandika Kijicho, yaani jicho baya la mtu, anapelekwa Uani, nyuma ya jengo, ambako kuna minyororo na watu wenye fimbo za kumtoa alichoingiwa. Nina binti, Raya, ana miaka kumi na minne. Sasa unaelewa kwa nini siku ya kwanza nilikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukakauka.

Walimweka Mosi katika Chumba cha Kungoja. Mwuguzi wa chumba kile, Bi Shemsa, mama mnene mwenye miguu ya kuvimba, alinipokea fomu, akaiangalia, akanirudishia. "Nenda ukaongee nao, mwanangu," alisema. "Ila usitegemee wakusikilize. Wamefundishwa kuandika, hawakufundishwa kusikiliza."

Nikaongea nao. Ee, niliongea! Dirisha la kwanza alikuwepo bwana aliyetaka kusikia ukoo tu. Nikamwambia kwamba kwetu hakuna mwingine aliyeugua, maana ndivyo tulivyolelewa kusema. Nilipoanza kumweleza kwamba Mosi alizaliwa na kitovu kimemzunguka shingo, akasimamisha kalamu: "Hilo si langu." Dirisha la pili waliipokea habari ya kitovu, lakini nilipofika kwenye mume aliyeondoka, wakafunga dirisha. Palikuwa na bibi mmoja aliyependa sana habari ya mume. Aliiandika kurasa mbili, akitikisa kichwa, akinipa pole. Nilipomwambia kwamba wanawake wengi mtaani kwetu wameachwa na waume na hawasikii kuta, akakasirika akaniambia nisimharibie kazi. Mwingine alitaka kujua Mosi alivuta nini. Alivuta, ndiyo. Shemeji yake, ndugu wa yule mume aliyeondoka, alimpa bangi imsaidie kulala. "Basi!" akasema yule bwana, amefurahi kama aliyepata pete iliyopotea. "Jambo limekwisha." Na shemeji mwenyewe, nikamuuliza, anayevuta tangu ana ndevu za kwanza na anaendesha duka lake vizuri, yeye je? Alikuwa ameshaita mtu wa nyuma yangu.

Hii hapa habari yenyewe, niiseme mara moja nimalizane nayo. Tulipokuwa na miaka tisa chakula kilipungua nyumbani, ikaamuliwa mmoja wetu apelekwe kwa shangazi yetu, mbali, kwenye mashamba ya chumvi. Baba aliokota majani mawili ya ukoka, akayaficha ngumini. Mosi akavuta refu. Huko kwa shangazi, akikosea, alikuwa akifungiwa ghalani na magunia, siku nzima, na wakati mwingine anasahauliwa. Akiwa na miaka kumi na mmoja alipata homa ya uti wa mgongo, akapona. Alirudi kwetu akiwa msichana mpole anayehesabu vitu: vigae, hatua, punje za mchele. Tukamsifu kwa hesabu. Akawa mwalimu, akaolewa, akapata mimba, mtoto akazaliwa amekufa, na siku ya tatu mume akafunga sanduku lake. Akarudi kazini haraka kwa kuwa hakuwa na pa kurudi pengine. Ukaja msimu wa mitihani. Akakesha kusahihisha, kisha hata karatasi zilipokwisha akashindwa kulala, ndipo akavuta ile bangi, na siku ya tisa bila usingizi ukuta ukamwita.

Lipi kati ya hayo? Niambie wewe. Ondoa homa. Ondoa ghala. Acha mtoto alie alipozaliwa. Je, ukuta ungenyamaza? Siwezi kujua, na hakuna anayeweza, lakini kila dirisha linajua. Na swali langu mimi ni baya kuliko lao. Ile damu wanayoitaka, ninayo. Yote, tone kwa tone, haikupungua kwangu hata chembe. Ningelivuta mimi lile jani refu, nani angekuwa anamtafutia nani sababu leo? Wakati mwingine nikipita mbele ya kioo cha dukani kwangu namwona Mosi amekaa kwenye cherehani, ana sindano kinywani, mzima wa afya, na mimi sijui niko wapi.

Siku ya tatu nilikuwa katika foleni ya dirisha la mwisho, dirisha la Bwana Mfaume, ambaye ndiye hutia muhuri. Katika Nyumba ile foleni ni moja kwa miaka yote. Aliyeingia jana na aliyeingia miaka thelathini iliyopita wanakanyagana visigino, na mtu akikugeukia kukuuliza saa unapaswa kwanza kumuuliza ya mwaka gani. Mbele yangu alisimama mwanamke kijana, mjamzito, amejifunga kanga mbili, mkono mmoja kiunoni. Akageuka.

"Samahani, dada. Foleni hii husogea kweli?"

Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Alikuwa mama yangu, Bi Kazija, tuliyemzika miaka kumi na mitano iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, hana mvi hata moja, na alinitazama kama anavyotazamwa mgeni yeyote.

"Husogea," nikasema, nikishika ukuta. "Umemleta nani?"

"Mdogo wangu. Sikudhani."

Mama mdogo Sikudhani! Tuliambiwa ameolewa mbali, na kwamba mumewe hapendi wageni. Kila sikukuu tulimuuliza mama habari zake, na kila sikukuu mama alijibu, "Amewasalimu sana." Tuliletewa mpaka peremende zake.

"Anaumwa nini?"

"Anazungumza na mlango." Mama aliangalia huku na huku, akanisogelea. Alinukia liwa, ule msandali wa kujipaka, kama alivyokuwa akinukia. "Na babu yetu mzaa mama alikuwa akivaa makoti matatu jua la mchana, anawakimbia watu wasioonekana. Lakini usilitoe hapa. Nakuambia tu kwa vile una uso wa watu wangu."

"Kwa hiyo utaandika Damu."

"Nitaandika Kijicho."

"Unaamini ni kijicho?"

"Dada," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali niliokua nao, "ninachoamini mimi hakiingii katika kisanduku hiki. Nikiandika Damu, hawa wataandikwa kabla hawajanyonya." Akauchukua mkono wangu bila kuomba ruhusa akauweka tumboni mwake. "Mkunga anasema wako wawili."

Kitu kilipiga teke chini ya kiganja changu. Sijui kama alikuwa Mosi au ni mimi.

"Wa Kijicho hupelekwa Uani," nikamwambia. "Kuna minyororo kule. Atakufa."

"Una watoto?"

"Mmoja. Binti."

"Basi usiniulize."

Hapo hasira ilinipanda ambayo sikujua kwamba nilikuwa nimeibeba miaka yote ile. Nilitaka kumtikisa. Ungetuambia! nilimwambia, na watu wakageuka. Ungetuambia tu, tukiwa wakubwa, mlango umefungwa! Mosi alipoanza kukosa usingizi tungestuka. Tungesema, huyu ni wa kuangaliwa, huyu asiachwe peke yake na maiti ya mtoto wake na rundo la mitihani! Mlituletea peremende! Mama alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeanza kusema ovyo, akauliza taratibu, "Niwaambie akina nani, dada?" Maana hakuwa ametuzaa bado.

Zamu yake ikafika. Niliuona mgongo wake ukiinama dirishani. Aliandika neno moja, haraka, akatoka akipita karibu nami, midomo imebanwa, mkono bado kiunoni. Sikumwita Mama. Nilitamani, lakini nilikuwa nimekasirika mno, na alipoishia kwenye kona ya ngazi nikagundua kwamba kwa dakika ile nzima nilikuwa nimeishika fomu yangu kama yeye alivyoishika yake, imekunjwa mara nne, imefichwa chini ya ukanda wa kanga.

Zamu yangu ilipofika nikaambiwa nirudi siku ya nne na mgonjwa mwenyewe. Nilikwenda kumchukua Mosi, nikamkuta ameoga, amesukwa, amekaa na mikono magotini. Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Amelala siku mbili," Bi Shemsa alininong'oneza. "Nimempa dawa."

"Si haramu bila sababu?"

"Haramu, ndiyo." Alijikuna mguu. "Mtu akija na jeraha linatoka damu, mimi naliziba kwanza. Kisu cha nani, watauliza wenyewe."

Bwana Mfaume alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kikohozi cha kuomba radhi. Hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba katika jengo lile zima sikupata mtu mbaya hata mmoja wa kumchukia sawasawa.

"Sababu?" aliuliza.

"Ni nyingi."

"Iliyo kuu?"

"Hakuna kuu, bwana. Zimefanya kazi pamoja."

"Bibi, kila kundi lina mkuu wake. Hata majambazi wana mkuu wao."

"Hizi hazina."

"Basi chagua. Mimi sitakuuliza kama ni kweli."

Ndipo nilipopasuka. Sikuwa nimelala siku nne, kanga nimeigeuza ndani nje, nywele sijazigusa. Nilipiga meza yake kwa viganja vyote viwili. Nilimwambia habari ya kitovu, ya majani ya ukoka, ya ghala, ya homa, nikarudi kwenye kitovu, nikalia, nikamwambia mama yangu yuko katika foleni yake na ana mimba yangu, nikamwambia ukuta wake yeye na saa zake na ngazi zake ndizo zenye wazimu. Bwana Mfaume alinisikiliza mpaka mwisho kwa subira kubwa. Kisha akanitazama mimi, akamtazama Mosi aliyekaa kimya na nywele zake zilizosukwa, akachukua kalamu. Kwenye mstari wa mgonjwa akaandika: Pili.

"Siye mimi!" nilipiga kelele. "Mgonjwa ni yule!"

"Wote husema hivyo," alijibu kwa upole, akaomba radhi kwa kikohozi.

"Bwana karani." Alikuwa Mosi. Alisimama, akaja dirishani, akanishika kiwiko kwa namna ya kuniambia nitulie. "Umekosea mtu. Mgonjwa ni mimi. Huyu ana hasira, na hasira yake ni ya haki. Naomba nikuulize hesabu moja, nami baada ya hapo nitakubali chochote utakachoandika."

Karani alitabasamu. Nadhani alidhani itakuwa rahisi.

"Tatu mara nne?"

"Kumi na mbili."

"Vizuri. Katika hizo kumi na mbili, tatu imeleta ngapi, na nne imeleta ngapi?"

Aliandika kidogo pembeni mwa karatasi. "Tatu imeleta... tano. Nne, saba. Kwa kuwa nne ni kubwa."

"Haya. Iondoe tatu, weka sifuri mahali pake. Sifuri mara nne?"

"Sifuri."

"Zile saba za nne zimekwenda wapi?"

Bwana Mfaume aliendelea kuandika, akakata, akaandika tena.

"Damu yetu na mdogo wangu ni moja," Mosi alisema, sauti ya darasani, ile niliyodhani sitaisikia tena. "Tuseme ni nne. Yeye anayo na mimi ninayo, hatukuzidiana. Ila mimi nilizidishwa. Nilizidishwa na vitu ambavyo vingine vilikuwa vidogo, na kimoja kilikuwa jani tu. Sasa wewe unataka uandike nne, uwafungie watu wote wenye nne, hata wale ambao hakuna kitu kilichowazidisha. Au uandike lile ghala, unihukumu kwa kuwa wenzangu waliofungiwa maghala walitoka wazima. Yote mawili ni hesabu mbovu, bwana. Ningeyawekea alama ya kosa." Kisha akainamisha kichwa kuelekea ukutani, akasikiliza, na uso wake ukapungua nuru. "Wananiambia nimekosea," alisema polepole. "Lakini sijakosea. Pili, sijakosea, sivyo?"

"Hujakosea," nikamwambia.

"Nina watu mia mbili nje," Bwana Mfaume alisema, sauti imechoka kama yangu. "Mia mbili! Mnataka niwafanyie kila mmoja hivi?"

Niliivuta fomu kutoka chini ya mkono wake. Nikakata jina langu kwenye mstari wa mgonjwa, nikaandika Mosi, kisha nikaanza kuandika ndani ya kisanduku. Nilianza na babu wa makoti matatu na Mama mdogo Sikudhani. Nikamfikiria Raya, nikaendelea. Niliandika kitovu. Niliandika njaa ya mwaka ule, jani, ghala, homa. Kisanduku kilijaa, nikatoka nje yake, nikazunguka pembezoni, nikageuza karatasi. Mtoto. Mume. Mitihani, bangi, siku tisa bila usingizi. Niliandika na yaliyomkinga, maana hayo hakuna aliyeyauliza: hesabu zake, wanafunzi waliompenda. Sikuweka namba wala sikuweka ya kwanza na ya mwisho. Nikamrudishia.

Aliishika kwa ncha za vidole. "Umeichafua."

"Nimeijaza."

"Fomu iliyochafuka haifungwi. Haitiwi muhuri." Alivuta droo, akatafuta, akatoa kijitabu chenye vumbi, akasoma. "Kesi isiyofungwa inaitwa kesi wazi. Mgonjwa hukaa kwake, na watu wake. Hupewa dawa za mwezi. Mwezi ukiisha mnarudi, tunaangalia kama sababu imepatikana. Haijapatikana, mnapewa za mwezi mwingine. Nduguze hawaandikwi popote, kwa kuwa hakuna kilichothibitika."

Sikuamini masikio yangu. "Jambo hilo lipo? Siku zote lilikuwepo?"

"Lipo tangu Nyumba ijengwe."

"Na mbona hukuniambia siku ya kwanza?"

"Hukuuliza," alisema Bwana Mfaume, na wallahi nadhani hakukusudia ubaya.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Mosi akaniambia niache, wataandika tena jina langu. Wanawake wangapi, miaka mingapi, wamesimama mahali pale wakachagua nani wa kumtupa, na droo iko hapo, mkono mmoja tu kutoka kwao! Nilikumbuka mgongo wa mama yangu ulivyoinama, na hasira yangu juu yake ikabaki bila mahali pa kukaa. Sikuwa nimemsamehe. Ila ilinibidi niigawe, na sehemu kubwa niliiacha pale dirishani. Bi Shemsa alitufungia vidonge katika karatasi, akatuonyesha kimoja cha asubuhi, kimoja cha jioni, akamwambia Mosi mbele yangu: "Hivi havitakuondolea yote. Vitapunguza sauti. Yaliyobaki ni usingizi, chakula, na watu wako. Ukiviacha bila kuniambia nitakuja kwenu na miguu yangu hii mibovu." Mosi akamuahidi.

Tulifika nyumbani alasiri. Raya alikuwa amerudi shule. Alimsalimu Mama mkubwa wake kwa adabu, akampa uji, akamtandikia kitanda chake mwenyewe, na Mosi akalala bila kuukagua ukuta. Mimi nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Raya alikuwa akipiga pasi shati lake la shule. Alilipiga shati lile muda mrefu kupita kiasi.

"Mama," alisema. "Na mimi je?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuja mzima, mtamu, kwa sauti ya Bi Kazija: wewe huna neno, mwanangu, kwetu hakuna. Niliumeza, nao ulikwama.

"Huenda," nikasema. "Na huenda isiwe. Katika ukoo wetu wachache waliugua, wengi hawakuugua. Wewe unalo jambo hili karibu kuliko mwenzako wa dawati moja, lakini karibu si kufika. Sijui zaidi ya hapo. Hakuna anayejua."

Uso ulimkunjamana. "Mlikuwa mnangoja nini kuniambia?"

"Tulikuwa tunaogopa."

"Sasa nifanye nini?"

"Ulale vizuri. Usivute wanachovuta wale wa nyuma ya shule. Msiba ukikupata usikae nao peke yako. Na ukisikia jina lako ukaangalia hakuna aliyekuita, uniambie siku hiyohiyo, usingoje kesho. Sitakufungia. Tutakwenda kwa Bi Shemsa, mimi na wewe."

Aliigeuza kola ya shati. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Wewe uliwahi kusikia?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Sikumwambia mume wangu alipokuwa hai, sikumwambia Mosi, sikumwambia karani wakati naandika mpaka nyuma ya karatasi, na hata wewe unayenisoma nimekuficha mpaka hapa.

"Niliwahi," nikasema. "Wewe ulikuwa na miezi miwili. Cherehani hii iliniita jina langu siku tatu."

Raya akasimamisha pasi wima. "Ukafanyaje?"

"Nilikaa nimeziba masikio. Jirani yetu wa zamani, Bi Chausiku, alikusikia unalia akaingia. Hakuniuliza lolote. Alikuchukua, akanilaza, akapika, akakaa hapa siku kumi."

"Ikanyamaza?"

"Ikanyamaza. Haijarudi."

Alifikiri. Upande wa pili wa pazia tulisikia Mosi akipumua.

"Na Mama mkubwa," Raya aliuliza, "zile siku tisa alikuwa na nani?"

Nilikuwa mtaa wa pili. Nilikuwa nashona sare za harusi ya watu. Alinitumia salamu kwamba halali, anaomba nije nikae naye, nami nikamjibu nitakuja Jumamosi, kazi ikipungua. Jumamosi nilikwenda, na ndiyo siku niliyomkuta katikati ya chumba.

"Hakuwa na mtu," nikasema.

Raya alichomoa pasi ukutani, akaliacha shati mezani na mkono mmoja haujapigwa, akachukua kiti, akapita pazia, akaenda kukaa kando ya kitanda.